Kona ya Tatu Kutoka Amani

Jumapili baada ya alasiri, Barabara ya Kumi na Nne,
kwenye benchi la fundi Sekiondo linalonuka solusheni,
kila aliyeendesha huleta taarifa.
Sheria ni moja: sema njia, usijiseme.
Upepo ulitoka wapi. Shimo la Mkulumuzi liko upande gani.
Maji ya kunywa yako kwa nani, na nani ana mbwa.
Sekiondo huandika kwenye daftari kubwa,
kila ukurasa una dole gumba lake la grisi,
na mtoto anayetaka kwenda Pongwe kesho
hulifungua kabla hajajaza upepo.

Jumapili iliyopita taarifa ilitoka mbali.
Mwanjaa wetu, aliyekuwa akishuka Amani bila kugusa breki,
sasa anaosha vyombo hotelini, milimani, Austria,
na siku yake ya mapumziko wamemvisha mbao mbili miguuni.
Kurasa tatu. Mwandiko ule ule unaolalia kulia
kama mtu anayekata kona.
Nikasoma mimi.

"Hali ya njia: nyeupe. Msicheke.
Asubuhi theluji ni kavu, ukiikanyaga inalia
kama gunia la unga wa muhogo likibanwa.
Saa sita jua linailainisha, inashika mbao
kama mchanga wa Kiomoni unavyoshika tairi.
Jioni inaganda, inakuwa kioo. Jioni msiende.
Breki ni magoti. Kengele ni mdomo wako.

"Nimeanguka mara kumi na moja.
Ya kwanza kwa hofu. Ya tano kwa maringo.
Ya tisa nilikuwa natazama vilele, nikawaza Magoroto.
Penye mti uliopigwa radi, kaeni kushoto.
Kulia theluji imefunika jiwe.
Nimelijua kwa nyonga."

"Na kupanda, wanapandaje?" akauliza Chambuso.
Nikatafuta. Kuna kiti, kinaning'inia kwenye waya,
unakaa, kinakupeleka.
"Basi hawajapanda," akasema. "Fundi, andika: hawajapanda."

Sekiondo akafunua. Pangani ina ukurasa wake,
Horohoro ina wake, Muheza ina mitatu.
Theluji haina.
Akaiandika chini ya Amani,
kwa kuwa mteremko ni mteremko.

Na pale juu yake, mistari minne tu juu yake,
nikaona maneno ya mdomo wangu kwa mkono wa fundi:
*Amani hadi Muheza. Njia safi.*

Haikuwa safi.
Kona ya tatu mvua ilikuwa imeteremsha kokoto,
nami nilizipita kwa kiwiko na shavu.
Nyumbani nilisema ni mlango.
Hapa benchini nilisema *safi*,
kwa sababu Mwanjaa alikuwa hajaondoka bado,
alikuwa amekaa pale pale, anamenya chungwa,
na yeye alikuwa haanguki.

Wiki iliyofuata Chambuso alipita akiniamini.
Mfupa wa bega uliunga vibaya.
Mpaka leo akinyoosha mkono apewe spana
mkono unaishia njiani, anayempa humalizia.
Nimemalizia mara nyingi mimi.

Nikaomba kalamu.
Sekiondo alishangaa, kalamu ile haimtoki,
lakini akanipa.
*Kona ya tatu: kokoto, upande wa bonde.
Zilikuwepo tangu mwezi wa tatu. Nilianguka.*

Chambuso, ng'ambo ya benchi, aliyasoma maandishi juu chini.
Alichukua muda, si msomaji wa haraka.
Kisha akainuka, akachukua pampu,
akaanza kujaza tairi langu la nyuma
ambalo halikuwa limepungua,
kwa mkono ule mzima, polepole,
hadi likawa gumu kama jiwe.

"Mwenzio kataja mara ngapi," akasema, bila kugeuka.
"Na wewe taja."

Mara moja, nikasema.

"Usiniambie mimi. Andika."